Stelingi Aliyekufa Matopeni: Funzo la Filamu Iliyosahauliwa

Kwa miaka mingi wapenzi wa senema hapa Mwambao wamekuwa na kanuni moja isiyoandikwa popote, nayo ni kwamba stelingi hafi. Adui hupigwa risasi, wafuasi wake huanguka mmoja mmoja kama maembe siku ya upepo, nyumba huteketea, gari hutumbukia baharini, lakini stelingi hutoka akijipangusa vumbi. Waliokuwa wakienda Regal, Naaz na Majestic mjini Mombasa waliijua kanuni hiyo, na watoto wanaotazama filamu katika simu zao leo wanaijua vile vile. Leo nataka kuwazungumzia wasomaji filamu moja ya Kimarekani iliyoivunja kanuni hiyo kwa makusudi, na kueleza kwa nini sisi, katika hali tuliyo nayo, tungefaidika kuitazama kuliko wengi.

Filamu yenyewe yaitwa Blast of Silence, na kwa Kiswahili jina hilo twaweza kulifasiri kuwa "Mshindo wa Kimya". Ilitengenezwa mjini New York na kuonyeshwa mwaka 1961. Ni picha ya nyeusi na nyeupe, ya dakika 77 tu, iliyofanywa na watu wenye fedha kidogo mno, na katika wachezaji wake hapana uso uliokuwa ukijulikana na watu. Kampuni kubwa ya Universal iliichukua na kuipeleka katika majumba ya senema. Ikapita, ikasahauliwa. Ilikaa gizani muda mrefu, mpaka mwaka 2008 ilipotolewa upya katika diski na kampuni ya Criterion, ambayo kazi yake ni kuzifufua filamu zinazostahili kuhifadhiwa. Hata hivyo, ukimwuliza kijana anayejidai kuzijua filamu zote za majambazi, atakutajia The Godfather kabla hujamaliza swali lako. Hii hataitaja.

Sababu ya kuileta hapa ni mjadala tulio nao sisi wenyewe. Kila yanapotokea mauaji ya kutisha, kila kundi la vijana wenye mapanga linapowavamia watu Kisauni au Likoni, mjadala ule ule hurudi. Wazee na wahubiri husema kwamba senema ndizo zinazowafundisha vijana kuua. Watengenezaji wa filamu hujibu kwamba wao ni kioo tu, na kioo hakiumbi uso. Kila upande hurudi nyumbani ukiamini umeshinda, na mambo hubaki kama yalivyokuwa.

Mimi naona pande zote mbili zinaliruka swali lenyewe. Filamu ya jinai haifai kupimwa kwa idadi ya maiti zake. Yafaa ipimwe kwa bei: je, inamwonyesha mtazamaji kile anacholipa muuaji? Filamu inayoificha bei hiyo ni kama mwenye duka anayekupa mali kwa mkopo, akacheka nawe, akakusindikiza mpaka mlangoni, asikutajie deni. Deni lenyewe lipo, na siku ya kudaiwa haina ahadi.

MGENI WA SIKUKUU

Kisa chake ni chepesi. Frankie Bono ni muuaji wa kukodiwa. Anatoka mji wa Cleveland na kuja New York kwa gari la moshi katika siku za Krismasi, ili amwue mtu ambaye hana ugomvi naye. Mtu huyo yuaitwa Troiano, mkubwa wa daraja la pili katika genge la wahalifu. Ana masharubu, ana walinzi wawili, ana mke na watoto nyumbani na hawara katika nyumba ya kupanga mjini. Kosa lake ni kutaka kupanda juu kuliko wakubwa wake wanavyopenda.

Frankie hana pupa. Anamfuata Troiano siku hadi siku, ajue anatoka saa ngapi, walinzi wanasimama wapi, na ni wakati gani anapokuwa peke yake. Sehemu kubwa ya filamu ni hiyo tu: mtu anayetembea, anayengoja, anayekaa katika chumba cha hoteli, anayepita mbele ya maduka yaliyopambwa kwa sikukuu isiyomhusu. Mtazamaji aliyezoea filamu za kukimbizana atauliza, "Vita vitaanza lini?" Na huko kungoja ndiko filamu ilikokusudia tukuone. Kazi ya muuaji, tukiondoa dakika ile moja ya kufyatua risasi, ni upweke mtupu wa saa nyingi.

Msomaji Mwislamu asikwazwe na kutajwa kwa Krismasi. Na afikirie siku ya Idi. Afikirie mtu aliye katika mji wa ugenini, asikie takbiri zikitoka misikitini, aone watoto wamevaa nguo mpya na majirani wanapelekeana sahani za vyakula, naye hana mlango hata mmoja wa kubisha hodi. Aliyewahi kukaa Idi ugenini anaujua uchungu wake. Frankie amekaa hivyo maisha yake yote, kwani alilelewa katika nyumba ya mayatima na hakupata ndugu wala jamaa.

Silaha anainunua kwa jitu moja nene liitwalo Ralph, ambalo hufuga panya katika vizimba chumbani mwake na kuwabembeleza kama wengine wanavyobembeleza paka. Halafu, kwa bahati, anakutana mkahawani na mtu aliyekua naye katika nyumba ya mayatima. Mtu huyo anamvuta kwa nguvu mpaka katika karamu, na huko anaonana na msichana aliyemjua zamani. Kwa mara ya kwanza Frankie anaona kwamba angeweza kuwa mtu kama watu wengine.

Lakini mikono iliyozoea kunyang'anya haijui kuomba. Msichana anamkaribisha kwake kwa wema tu, ili asiwe peke yake siku ya sikukuu. Frankie anaudhani wema huo kuwa kitu kingine na anajaribu kumtendea kwa nguvu. Msichana anamkataa, na Frankie anatoka akiwa ameumbuka. Onyesho hilo ni zito, na nasema wazi kwamba si la kutazamwa na watoto. Lakini halikuwekwa kwa kuchochea matamanio. Limewekwa kuonyesha kwamba mtu hawezi kuwa mnyama kazini kisha akawa mwungwana mlangoni pa watu.

Baada ya hapo mambo yanaharibika moja baada ya jingine. Ralph anagundua ni nani anayewindwa, naye anadai aongezwe fedha ili anyamaze. Frankie anamwua humo humo chumbani, kwa mapambano marefu yenye kuchukiza, yasiyo na ufundi wala fahari yoyote. Kisha anawapigia simu waliomtuma akitaka kujitoa katika kazi hiyo. Anajibiwa kwamba kujitoa hakuna, na kwamba kwa kuomba tu amekwisha jitia hatarini. Basi anamwua Troiano, kisha anakwenda mahali palipopangwa kuchukua nusu ya pili ya ujira wake.

Mahali penyewe ni penye matope na matete, kando ya maji, siku ya tufani. Ujira anaoupata ni risasi. Anaanguka majini, anajaribu kuinuka, anaanguka tena, na hapo filamu inakwisha. Hapana wa kumlilia, hapana wa kumwosha, hapana wa kumzika. Wazee wetu husema mchuma janga hula na wa kwao. Huyu hakuwa na wa kwao, na janga lote alilichuma na kulila peke yake.

UMASKINI ULIOSAIDIA

Aliyeitengeneza filamu hii ni Bw. Allen Baron, mzaliwa wa Brooklyn, ambaye kabla ya hapo alikuwa mchoraji wa vitabu vya katuni. Ndiye aliyekitunga kisa, ndiye aliyewaongoza wachezaji, na ndiye aliyecheza kama Frankie Bono. Hili la mwisho halikuwa kusudi lake. Alimtaka Bw. Peter Falk, yule ambaye baadaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Columbo katika televisheni. Lakini Falk alipata kazi ya mshahara katika filamu nyingine, Murder, Inc., ya mwaka 1960, nayo pia ilihusu wauaji wa kukodiwa. Fedha zikamvuta huko, na Baron akavaa koti mwenyewe.

Mpiga picha alikuwa Bw. Merrill Brody, na huyo huyo ndiye aliyekuwa mwenye kuisimamia filamu. Hawakuwa na uwezo wa kujenga mitaa ya bandia. Walikwenda katika mitaa yenyewe, wakapiga picha haraka haraka bila vibali, kisha wakaondoka. Watu unaowaona wakipita na vifurushi vyao vya sikukuu ni wapita njia wa kweli. Baridi inayoonekana katika pumzi zao ni baridi ya kweli, na upepo unaopiga matete katika maonyesho ya mwisho ni upepo wa kweli.

Liko onyesho moja ambalo natamani kila kijana mwenye kamera alitazame mara kumi. Mtaa mtupu, alfajiri. Mwisho wa mtaa kinaonekana kitu kidogo kama sisimizi. Kinakuja. Kamera haisogei. Kinakuja mpaka kinakuwa mtu, na mtu anakuwa Frankie, na Frankie anatufikia na kutupita. Hapana mlio wa bunduki wala gari lililopinduka. Onyesho hilo liligharimu subira na mtaa mmoja, na linakwambia juu ya upweke wa mtu huyo zaidi ya maneno ya saa nzima.

Hapa ndipo ninapoona kwamba umaskini uliisaidia filamu hii kusema kweli. Mwenye fedha nyingi, kila anapokwama katika kisa, hununua mlipuko. Anapokosa la kusema juu ya muuaji, humvika suti nzuri na kumpa gari la kifahari, na mtazamaji akayatamani hayo na kusahau damu. Baron hakuwa na uwezo wa kununua mlipuko wala gari. Alikuwa na uso wake, koti lake na mitaa ya mji wake. Ilimbidi amtazame muuaji mwenyewe, na alipomtazama kwa muda wa kutosha akakuta kwamba hapana cha kutamaniwa.

SAUTI ISIYO NA JINA

Jambo la ajabu kuliko yote katika filamu hii ni sauti. Kuanzia mwanzo, gari la moshi likiwa bado gizani ndani ya handaki, iko sauti nzito ya mzee inayosimulia. Haisemi "yeye alifanya hivi". Yasema "wewe". Wewe ulizaliwa kwa uchungu. Wewe umezoea kuwa peke yako. Wewe una chuki, na chuki hiyo ndiyo inayokufaa kazini. Sauti hiyo inamsemesha Frankie, na kwa kuwa nasi tumekaa tunasikiliza, inatusemesha nasi pia.

Mtazamaji wa Kenya hatashangaa sana. Kwa miaka mingi katika vibanda vya video nchini watu wamezoea filamu za kigeni zenye sauti ya msimulizi juu yake, na DJ Afro amejipatia jina kubwa kwa ufundi huo. Msimulizi wetu humtania adui, humsifu stelingi, hutia chumvi ili watu wacheke. Sauti ya Blast of Silence hutumia njia hiyo hiyo kwa shughuli nyingine. Haimsifu mtu wala haichekeshi. Yanong'ona.

Habari ya walioitia sauti hiyo nayo ni kisa kamili. Aliyeandika maneno ni Bw. Waldo Salt, na aliyeyasoma ni Bw. Lionel Stander. Wote wawili walikuwa wamepigwa marufuku ya kimyakimya katika senema za Marekani, kwa sababu katika miaka ya mwanzo ya 1950 walikataa kujinyenyekeza mbele ya kamati ya Bunge la nchi hiyo iliyokuwa ikiwasaka watu walioshukiwa kuwa Wakomunisti. Kwa ajili hiyo Salt aliandikwa kwa jina la uongo, Mel Davenport, na jina la Stander halikutajwa kabisa. Baadaye upepo uligeuka, na Salt huyo huyo akatunukiwa Oscar mara mbili, kwa filamu za Midnight Cowboy na Coming Home. Lakini mwaka 1961 walikuwa watu wasiokuwa na majina, wakimsemea mtu asiyekuwa na mtu. Nadhani ndiyo sababu sauti ile ina ukweli ambao mwigizaji aliyeshiba asingeweza kuutoa.

Nimeisikiliza sauti hiyo mara kadhaa, na kila mara naona kwamba sisi tunayo maneno ya kuieleza kuliko hata Wamarekani wenyewe. Wao huiita sauti ya msimulizi, basi. Aliyesoma chuoni kwetu anajua kwamba nafsi ina daraja zake: iko nafsi inayoamrisha maovu, na iko nafsi inayojilaumu. Sauti ya filamu hii ni ile ya kwanza. Inamwambia Frankie kwamba yeye ni fundi, kwamba anayemwua amestahili, kwamba huruma ni udhaifu, kwamba upweke ni nguvu. Kila analolisema ni uongo uliovikwa nguo ya busara. Na ile nafsi ya pili, inayolaumu, yajitokeza mara moja tu: pale anapoinua simu kusema kwamba hataki tena. Imechelewa, lakini imesema. Mtengenezaji wa filamu hii hakuwa akizungumza na Waislamu, na sidhani kwamba aliyajua mafundisho yetu. Alimtazama mtu kwa uaminifu, akayakuta yale yale.

ALIYETUMA NI NANI?

Sasa nije katika jambo lililonifanya niandike. Frankie anapofika New York anapewa kazi yake juu ya kivuko, kile kiendacho kisiwa cha Staten. Mtu mmoja anakaa karibu naye kati ya abiria, anampa nusu ya fedha, anamtajia masharti, kisha anakwenda zake. Wasomaji wa Likoni na Mtongwe, ambao wamevuka maji maisha yao yote wakiwa bega kwa bega na watu wasiowajua, watalielewa onyesho hilo bila kuelezwa. Katika kivuko kila mtu yupo na hapana anayemtazama mwenzake.

Kutoka hapo mpaka mwisho, wakubwa wenye kazi hatuwaoni. Tunamwona mjumbe. Tunasikia simu. Tunawaona wale wanaokuja kumwua Frankie, nao bila shaka wamelipwa nusu kama yeye. Mwenye amri hana uso. Na Frankie anapouawa, kamba iliyoweza kutufikisha kwa mwenye amri inakatika. Mkono umekatwa ili kichwa kisijulikane.

Sisi wa Mwambao tumezika watu waliouawa kwa risasi za wasiojulikana. Sheikh Aboud Rogo aliuawa akiwa garini tarehe 27 Agosti 2012. Sheikh Abubakar Shariff, aliyejulikana kwa jina la Makaburi, aliuawa Shanzu tarehe 1 Aprili 2014. Sheikh Mohammed Idris, aliyekuwa mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri nchini, aliuawa Likoni mwezi wa Juni mwaka huo huo, alfajiri, akielekea kusali. Misimamo yao haikuwa mmoja. Sheikh Idris alipingana hadharani na wale waliofuata mkondo wa wenzake hao. Walichoshirikiana ni namna ya kufa. Simtaji mtu kuwa ndiye aliyewaua, na filamu ya New York haiwezi kutujibia swali hilo. Inachoweza ni kutuonyesha swali lenyewe lina sehemu ngapi. Sisi huuliza nani alifyatua. Filamu hii inatufundisha kuuliza pia nani alilipa, nani alikuwa mjumbe, na yule aliyefyatua yuko wapi sasa. Huenda naye amelala matopeni.

Somo hilo ni la vijana kabla ya kuwa la wakuu wa polisi. Kijana anayeitwa pembeni Kisauni akapewa fedha kidogo na panga, huambiwa kwamba sasa amepata ndugu. Huambiwa ataogopwa, atavaa vizuri, hatadharauliwa tena. Ni maneno yale yale ya sauti iliyomnong'onea Frankie. Haambiwi kwamba anayempa panga leo ana mwingine wa kumpa panga kesho, na kwamba huyo wa kesho huenda akatumwa kwake yeye. Filamu zetu na za kigeni zimemwonyesha kijana huyo nusu ya kwanza ya ujira mara elfu. Nusu ya pili amwonyeshe nani?

TUFANYE NINI?

Sisemi kwamba filamu moja itamwokoa mtu. Kijana hutiwa katika kundi na njaa, na kukosa kazi, na baba asiyekuwapo, na askari anayemwona mhalifu kabla hajatenda kosa. Hayo hayaondolewi kwa picha. Lakini picha zina sehemu yake, na katika sehemu hiyo tunaweza kufanya mambo matatu.

La kwanza ni la wazazi. Bodi ya kuainisha filamu imekuwa ikituwekea alama za umri, na alama hizo zina faida yake. Lakini alama ya umri hukwambia kuna damu kiasi gani. Haikwambii damu hiyo imeuzwa kwa bei gani. Filamu yenye maiti wawili yaweza kuwa sumu ikiwa inawafanya maiti hao mzaha, na filamu nzito kama hii yaweza kuwa dawa kwa kijana aliyekwisha balehe na akili. Basi mzazi asitosheke na kukataza. Akae naye, atazame, halafu amwulize: yule aliyeua, mwisho wake ulikuwaje, na fedha zake zilimfaa nini?

La pili ni la vijana wenyewe wanaotaka kutengeneza filamu. Mwaka 2012 nchi yetu ilitoa Nairobi Half Life, iliyoongozwa na Bw. David Gitonga, nayo ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kushindania Oscar ya filamu za kigeni. Ni filamu nzuri, inayomfuata kijana wa mashambani anayekuja Nairobi kutafuta uigizaji akaangukia katika genge la wezi wa vipuri vya magari, na haimfichi mtazamaji kifo cha wale vijana. Ilipata msaada wa Wajerumani. Wengi walioitazama wakahitimisha kwamba bila mfadhili wa Ulaya hapana filamu. Blast of Silence ni jibu kwao. Mtu mmoja mchoraji wa katuni, rafiki yake mwenye kamera, na mji walioujua vichochoro vyake vyote. Mji wa Kale una vichochoro. Likoni ina kivuko. Simu ya leo inapiga picha katika giza ambalo kamera ya Brody isingeona kitu. Kinachokosekana ni ule ujasiri wa kumtazama mtu mmoja kwa muda mrefu bila kumpamba.

La tatu ni la Serikali. Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, tuliyoipata mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliandikwa kwa kuwafikiria wenye makampuni. Ilimtaka mtengenezaji apeleke maelezo ya kila onyesho na maneno yote ya wachezaji kabla hajapewa leseni. Kwa masharti kama hayo Baron asingevuka hata mtaa mmoja. Sitaki vijana wetu wapige picha kwa kujificha kama alivyofanya yeye, kwani kwetu mtu mwenye kamera barabarani huweza kudhaniwa mambo mengine. Nataka wenye mamlaka wakumbuke kwamba kijana wa Majengo mwenye simu na kisa si kampuni, na kwamba leseni inayomshinda bei inamrudisha barazani, ambako wale wenye kutoa mapanga wamekaa wanamngoja.

Wamarekani waliisahau filamu hii kwa sababu haikuwafurahisha. Ilikuja sikukuu, ikawaletea habari za mauti, na stelingi wake hakuwa mzuri wala hakuokoka. Watu hawapendi kulipa kiingilio ili waambiwe kweli. Lakini mtu aliyeuza mikono yake kwa wasioonyesha nyuso zao ameuza na kaburi lake, na kweli hiyo ni nafuu kijana aijue akiwa amekaa kitini, taa zikiwa zimezimwa, kuliko aje aijue akiwa amepiga magoti matopeni.